Boti Imesema "Ta"

Nimegeuza ufunguo, boti ikasema "ta".

Siyo "tatatata", siyo "ngu, ngu, ngu". "Ta" moja kavu, kama mdeni anayesonya ukimkumbusha pesa zako. Kisha kimya. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gatini Kilwa Masoko, maji yanakupwa, na ndani ya boti nimepakia kabati la nguo, magodoro 2, mashangazi 4 wa bibi harusi na sufuria la pilau ambalo ungeweza kumwogeshea ndama. Mzigo wote huo unakwenda Kisiwani. Kutoka Masoko hadi Kisiwani ni kama kilomita 2, mwendo wa kusimulia kisa kimoja, tena kifupi. Nikageuza tena ufunguo.

Ta.

"Mwalimu," akaniita shangazi mmoja kutoka juu ya godoro, "hiyo ndiyo kuwaka?"

Nilipostaafu na kupata kiinua mgongo, watu wazima wenye akili zao waliniambia ninunue bajaji. Nikasema bajaji ina kelele na vumbi. Nikanunua boti ya mbao yenye injini ya dizeli ya silinda 2, mtumba wa Kijapani, nikaiandika ubavuni kwa rangi nyekundu: WACHA WASEME. Nilidhani nawakomesha wasemaji. Kumbe nimewaandikia kadi ya mwaliko.

Maana boti ikigoma kuwaka, gati zima husema. Ukiumwa tumbo, watu watakwambia nenda hospitali. Ukiwa na kesi, watakwambia tafuta wakili. Lakini boti ikisema "ta", hapatikani mtu, kuanzia muuza pweza mpaka mtoto aliyetumwa chumvi, ambaye si fundi umeme.

"Betri hiyo," alisema muuza pweza, wala hakuinua macho kwenye kikaango.

"Betri wapi! Stata. Brashi zimekwisha," akasema kijana mmoja ambaye najua kwa hakika hana boti, hana pikipiki, hana hata tochi.

"Alteneta," akasema shemeji yangu. Shemeji ana kawaida ya kungoja watu wawili waseme ndipo ataje kitu cha tatu, ili kama wa kwanza na wa pili wamekosea, basi abaki yeye.

Nahodha mmoja mzee, aliyekuwa amekaa juu ya kisiki akishona nyavu, alitema tambuu upande na kusema neno moja: "Tanga." Akaendelea kushona. Baadaye kidogo akaongeza, kama mtu aliyeona kwamba sisi ni wazito wa kuelewa: "Tanga halina betri."

Nakiri ana hoja. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akitokea Mombasa, kwa upepo mtupu. Katika yote aliyoyasimulia kuhusu safari ile, hamna mahali anaposema alikwama bandarini akingoja mtu wa kumbusti.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Kaskazini yetu, humu humu katika wilaya ya Kilwa, kuna kisiwa cha Songo Songo. Gesi iligunduliwa pale mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 inapita bombani chini ya bahari na nchi kavu hadi Ubungo, Dar es Salaam, kuendesha mitambo ya umeme. Watu wa mjini wanapoza soda kwa gesi ya kwetu. Mimi mwenyeji sikuomba megawati. Niliomba volti 12, tena kwa sekunde 3.

Shemeji akaingia botini bila kukaribishwa. Akachukua nyundo ya kalafati, akainama kwenye injini, akaigonga stata ubavuni mara tatu, kwa utulivu wa mtu anayechagua tikiti maji sokoni.

"Washa."

Nikageuza ufunguo. Injini ikawaka! Moshi ukatoka, mashangazi wakapiga vigelegele, kijana asiye na tochi akasema si nilisema ni stata. Shemeji akarudisha nyundo mahali pake polepole, akafuta mikono kwa kitambaa changu cha kufutia miwani, na tangu dakika ile hakukamatika tena.

Tulifika Kisiwani salama, tukashusha, tukala. Saa tisa alasiri nikageuza ufunguo nirudi nyumbani.

Ta.

Shemeji akagonga. Ta. Akagonga mpaka rangi ya stata ikabanduka, mpaka watoto waliokuwa wakiogelea wakaja kutazama wakidhani tunatengeneza boti mpya. Ta, ta, ta. Hapo ndipo nikakumbuka mpini. Aliyetengeneza injini hii alikuwa mtu mwenye busara: aliipa mpini wa kuzungushia kwa mkono. Unainua kile kidude cha kuachia mgandamizo, unazungusha kwa nguvu zako zote, injini ikishika kasi unakirudisha kidude chini, nayo inawaka bila kuomba betri hata nusu volti.

"Lete mpini," nikamwambia mpwa wangu, ambaye ndiye baharia, mhasibu na mpiga debe wa Wacha Waseme.

Kijana akaniangalia. "Mjomba, si ulisema tumfungie mbuzi?"

Ni kweli nilisema. Ni chuma kizuri kile, kina pembe mbili. Ukikigongomelea ardhini mbuzi hakiwezi. Wakati huo mpini ulikuwa nyuma ya nyumba yangu Masoko, umeshika mbuzi, na mimi nilikuwa Kisiwani, nimeshikwa na boti. Tulivutwa kurudi na mshindani wangu wa biashara, kwa shilingi 30,000, na katika hizo kilomita 2 hakuacha chombo hata kimoja bila kukisalimia, akikionyesha kwa kidole kile kinachomfuata nyuma.

Kesho yake nikaenda kununua betri. Muuza betri hakuniuliza boti inaliaje, hakuipima ya zamani, wala hakutaka kujua kama inachajiwa. Aliuliza jambo moja tu: "Ya maji au kavu?" Nikachukua kavu, ya ampea-saa 70, kwa shilingi 280,000. Ya zamani akaichukua kwa bei ya chuma chakavu, akiniambia imeshakufa, nisihangaike nayo. Nasikia marehemu huyo mpaka leo anawasha taa 3 na redio nyumbani kwake.

Betri mpya ikawasha boti. Ilikuwa inazunguka kivivu kidogo, lakini ikawasha. Muuza pweza akaninyooshea koleo lake: "Sikukwambia?" Nikamnunulia mkia mmoja wa pweza kwa heshima. Siku ya tano, ta.

Katika siku hizo tano nikagundua pia kwamba mpwa wangu alikuwa amefungua ofisi. Alivuta waya kutoka kwenye betri hadi chini ya ubao wa mbele, akaweka pale msitu wa vichwa vya chaji, na kila jioni simu za nusu ya wavuvi wa Masoko zilikuwa zinalala kwenye boti yangu kwa shilingi 300 kila moja. Nilikuta simu 11. Moja ikaita nikiwa nimeishika, mwanamke akaniuliza kwa ukali mimi ni nani na mume wake yuko wapi.

Mtu mwingine, naye nia yake njema, alinishauri nimwagie soda teminali za betri, eti inakula kutu. Inakula kweli, ina tindikali kidogo. Lakini sukari yake hubaki, na asubuhi yake nikakuta sisimizi wamepanga foleni kutoka kwenye tangi la dizeli hadi upande wa hasi. Magadi na maji ya moto vingefanya kazi hiyo hiyo bila kualika mtu. Hilo nililijua. Nililifundisha. Lakini gatini ukisema umelijua kwa kufundisha, watu wanakuonea huruma.

Ikafuata stata. Ilifunguliwa, ikapelekwa kwa fundi wa magari, ikawekwa brashi mpya, bushi mpya na solenoidi mpya, ikarudi imepakwa rangi ya fedha, inang'aa kama jino la bandia. Shilingi 120,000. Tukaifunga, nikasema Bismillahi, nikageuza ufunguo.

Ta.

Nitakuwa mkweli: ilikuwa "ta" bora kuliko ile ya mwanzo. "Ta" yenye afya.

Sasa ikabaki alteneta, na shemeji akaona zamu yake imefika. Tuliazima betri ya lori, tukabusti, injini ikaunguruma. Shemeji akachukua spana namba 10, akalegeza kikamata cha teminali ya betri, na huku injini inaendelea kuzunguka, akakichomoa na kukiinua juu watu wote waone. Gati likanyamaza. Injini ikaendelea kunguruma.

"Mmeona?" akasema. "Haijazima. Alteneta nzima kabisa. Ingekuwa mbovu, ingezimika hapo hapo."

Watu wakatikisa vichwa. Nami nikatikisa kichwa. Mimi, msomaji mwenzangu, niliyefundisha fizikia sekondari kwa miaka 31, nikasimama pale na kutikisa kichwa, wakati injini ile ni ya dizeli. Injini ya dizeli ya namna hii ikishawaka haina haja na umeme: mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Ungeweza kuchomoa betri, alteneta na nyaya zote ukavitupa baharini, nayo ingeendelea kukata maji mpaka Mtwara. Jaribio la shemeji lilithibitisha kwamba dizeli ni dizeli. Na juu ya hayo ni jaribio baya, maana alteneta inayochaji ukiikatia betri ghafla, volti hupanda kwa kishindo na kuunguza daiodi zake. Alteneta yangu ilinusurika. Ilinusurika kwa sababu ya aibu ambayo itabidi niieleze huko mbele.

Usiku huo mke wangu akafungua daftari lake. Mama watoto hapigi kelele, ana daftari. Kuvutwa 30,000, betri 280,000, stata 120,000, na mkia wa pweza akauandika pia.

"Baba watoto," akasema, "kwa hesabu hii, ile bajaji sasa ingekuwa imeshazaa."

Asubuhi yake akaniambia kuna binti amesomea umeme wa magari VETA, ana kibanda karibu na soko, anatengeneza bajaji na jenereta. Nikasema boti si bajaji. Akasema ndiyo, bajaji huwa zinawaka. Nikaenda.

"Shikamoo, mwalimu," akaniamkia kabla sijafika mlangoni. Nilimfundisha, miaka 9 au 10 iliyopita. Alikuwa anakaa dawati la nyuma, upande wa dirisha, na alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Siku moja nimeshajaza ubao mzima kwa sheria ya Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827: volti ni ampea mara ukinzani. Hatukuwa na betri darasani, hatukuwa na waya, tulikuwa na chaki. Binti akanyoosha kidole. "Mwalimu, huo ukinzani unaonekanaje?" Nikamjibu, na darasa likacheka: "Hauonekani, unakokotolewa. Kaa chini."

Alikuja gatini na mfuko mmoja. Gati likakusanyika. Muuza pweza alihamisha jiko lake lote mita 5 ili aone vizuri. Shemeji akaanza kumweleza historia ya ugonjwa tangu nyundo, naye akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, inaliaje?"

Katika siku zote zile hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia: ta, moja. Akasema basi hilo lenyewe ni habari. Ingelia "tatatata" mfululizo, angeishuku betri kwanza, kwa sababu solenoidi inavuta, volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Ingekuwa kimya kabisa, angeanzia kwenye swichi, fyuzi na ule waya mwembamba unaoipa solenoidi amri. "Ta" moja maana yake amri imefika, solenoidi imevuta, lakini ule umeme mkubwa wa kuizungusha stata unakwama njiani. Akatazama ile stata ya rangi ya fedha, akatazama betri mpya, akanitazama mimi, hakusema kitu. Nilimshukuru kwa hilo.

Akatoa mita. Kitu kidogo cha manjano, ukubwa wake kama kitabu cha Yasini. Akaweka ncha zake kwenye vichwa vya betri: 12.5. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha 12.6 au 12.7, kwa hiyo hii ina njaa kidogo tu. Akaniambia nishikilie ufunguo. Ta. Mita ikashuka mpaka 11.6, ikabaki pale.

"Betri ina nguvu," akasema. "Ingekuwa imechoka ingeanguka chini ya 9. Ila stata haili."

Nyuma yangu nikasikia koleo la muuza pweza likiwekwa chini.

Sasa akafanya jambo ambalo sijawahi kuona mtu gatini akilifanya. Hakupima volti kati ya chanya na hasi. Alipima waya mmoja na ncha yake nyingine. Ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri, ya pili kwenye skrubu ya stata. "Ufunguo, mwalimu." Ta. 0.3. "Upande huu mzima. Ikipita nusu volti ndipo ningeulaumu." Akahamia upande wa hasi: ncha moja kwenye kichwa cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini. "Ufunguo." Ta.

5.8.

Hata mimi nikaelewa. Karibu nusu ya umeme wangu wote ulikuwa unapotelea kwenye waya wa arthi, kipande cha mita moja na nusu, kabla haujafika mahali pa kazi. Nikaanza kukokotoa kichwani, na nikasikia raha ambayo sikuisikia tangu nilipoacha chaki: tukisema ampea 100 tu, volti 5.8 gawanya kwa 100, ni omu 0.058. Haifiki hata sehemu 6 za mia za omu! Ndiyo maana siku moja shemeji alipoupima waya huo huo kwa balbu, balbu iliwaka kama kawaida. Balbu inataka ampea moja au mbili, nyuzi tatu nzima za shaba zinaitosha. Stata inataka mia na ushee.

"Shika hapa," akasema binti.

Nikashika waya pale unapoingia kwenye kiatu chake, karibu na stata. Nikauachia haraka. Ulikuwa wa moto kama sikio la sufuria. Volti 5.8 mara ampea 100 ni wati 580, nusu ya pasi ya umeme, zote zimejibana kwenye kipande kifupi kuliko kidole changu.

Akatoa kisu, akachana gamba la mpira. Ndani hamkuwa na shaba. Mlikuwa na unga, wa kijani na mweusi, na nyuzi chache zimebaki katikati kama meno ya mzee. Waya ule aliufunga shemeji mwaka juzi, kwa mabaki ya waya wa kuchomelea. Ni waya mnene na laini, lakini shaba yake haikupakwa bati, na mdomo wake uliachwa wazi. Maji ya chumvi yakapanda ndani kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, yakaila shaba kimyakimya, gamba kwa nje likabaki zuri. Na lile fumbo la nyundo likafumbuka papo hapo: waya wa arthi umefungwa sentimita chache tu kutoka kwenye stata, na shemeji alipogonga siku ya harusi alizitikisa nyuzi zikagusana kwa dakika moja. Alitibu waya aliouharibu mwenyewe, bila kujua, mara zote mbili.

Binti akaumimina ule unga kwenye kiganja changu.

"Mwalimu," akasema, "niliwahi kukuuliza ukinzani unaonekanaje."

Nikatazama kiganja.

"Ndio huu."

Akaweka waya mpya uliopakwa bati, akaubana kiatu kwa koleo maalumu, akaufunika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto, akasugua kwa msasa chuma cha injini mpaka kikang'aa, akakaza, akapaka grisi juu. Nikageuza ufunguo. Injini haikusema "ta", haikusema "ngu". Iliwaka kabla sijamaliza kugeuza, kama mtoto aliyeitwa kwenda kula. Nikatoa pochi.

"Bado, mwalimu." Akaweka mita kwenye betri huku injini inanguruma: 12.4. "Ongeza mafuta." Nikaongeza: 12.4. "Ingekuwa inachaji ningeona 13.8, mpaka 14.4. Hii inakula akiba." Akauminya mkanda wa alteneta kwa kidole gumba, umekaza vizuri. Akapima waya mnene wa alteneta, mzima. Akaniambia nizime, kisha nifungue swichi bila kupiga stata. Akatazama dashibodi.

"Mwalimu, taa nyekundu ya chaji iko wapi?"

Nikatazama bahari. Kulikuwa na ngalawa moja mbali, inakwenda vizuri.

Niseme tu. Miezi michache nyuma, taa ile ilianza kubaki na wekundu hafifu boti ikitembea. Mkanda ulikuwa umelegea na mpwa wangu aliukaza siku mbili baadaye. Lakini katika siku hizo mbili, abiria hawakunipa nafasi ya kupumua. "Mwalimu, mbona taa nyekundu?" "Mwalimu, tunazama?" Mama mmoja alianza kuvua viatu. Basi nikaichomoa balbu. Kitundu kikabaki kitupu, maswali yakaisha, nikajiona mtu mwenye kutatua mambo.

Binti akanieleza taratibu, kama nilivyopaswa kumweleza mimi. Alteneta ya aina hii haiamki yenyewe. Inahitaji umeme kidogo wa kuitia usumaku kwanza, na umeme huo unapita ndani ya ile balbu. Taa nyekundu si tangazo tu, ni mlango. Ukiichomoa umeufunga. Siku nyingine, nikikaza mafuta sana, alteneta iliamka kwa masalia ya usumaku uliobaki ndani ya chuma chake, ikachaji kidogo, ndiyo maana nilimaliza miezi bila kugundua. Siku nyingi ililala tu, ikizungushwa bure, huku simu 11 zikinyonya. Na shemeji alipochomoa teminali, daiodi hazikuungua kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuziunguza.

"Balbu yenyewe umeitupa?"

Ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu, ndani ya kasha la miwani. Sijui kwa nini niliitunza. Akaifuta kwa pindo la kanga, akaipachika. Swichi: nyekundu. Stata: ikawaka. Nikaongeza mafuta kidogo, wekundu ukazimika, mita ikaandika 14.1. Akanitoza shilingi 45,000 pamoja na waya. Balbu hakuitoza, alisema ilikuwa yangu.

Mke wangu aliandika 45,000 kwenye daftari, akapiga mstari chini yake mara mbili, akaenda nyuma ya nyumba akamfungua mbuzi mwenyewe. Mpini sasa uko botini. Mbuzi yuko kwenye mihogo ya jirani.

Shemeji naye amepona haraka. Anawaambia watu kwamba tangu siku ya kwanza alisema ni arthi, ila hakutaka kunivunja moyo mbele ya mashangazi. Jana jioni alinikuta gatini nikipanga viti.

"Shemeji," akasema, "ile boti ya mshindani wako imegoma. Nimepita pale sasa hivi, anageuza ufunguo, inasema 'ta'."

Sikuiona boti. Sikuisikia. Mita sina.

"Hiyo betri," nikasema.